Mjane wa Tulpehocken na Binti Aliyerudishwa na Wimbo

Hebu fikiri jambo hili. Mtoto wako wa kike mwenye miaka kumi anachukuliwa mateka. Unakaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, hujui kama yu hai au amekufa. Mwaka wa tisa unapata habari kwamba mateka zaidi ya 200 wamerudishwa, njoo uangalie kama wako yumo. Unasafiri, unafika, unapita mbele ya wasichana waliosimama mstari mmoja, wamevaa ngozi, wameungua kwa jua, wanaongea lugha usiyoielewa. Je, utamjua?

Sisi wakunga hupenda kusema kwamba mama hamkosei mwanawe. Ni kweli pale wodini, mtoto akiwa na siku tatu. Lakini mtoto wa miaka kumi na msichana wa miaka kumi na tisa ni watu wawili. Sura imebadilika, meno yamebadilika, kimo kimebadilika. Mama ninayetaka kuwasimulia habari zake hakumjua bintiye hata kidogo, na binti hakumjua mama.

Mama huyo alikuwa Mjerumani, mlowezi katika koloni la Pennsylvania, huko Amerika, kabla nchi hiyo haijawa Marekani. Habari zake nilizipata kwanza kama hadithi ya kusimulia watoto wa Shule ya Jumapili. Nilipotaka kuisimulia vizuri nikaanza kutafuta: alikuwa nani hasa? Alizaliwa wapi? Jina lake? Hapo ndipo nilipogundua kwamba kumtafuta mwanamke katika karatasi za zamani ni kazi ngumu kuliko kumtafuta mwanamume, na kwamba hata jina ambalo hadithi hiyo ilikuwa imempa halikuwa lake.

KATIKA ORODHA ZA MELI, WANAUME TU

Katika karne ya 18 maelfu ya Wajerumani waliondoka makwao, hasa sehemu za kusini-magharibi kama Württemberg na Palatinate. Sababu zilikuwa vita, kodi nzito, na mashamba yaliyogawanywa mpaka hayakutosha kulisha nyumba. Walishuka kwa mto Rhine mpaka Rotterdam, wakasimama Uingereza, ndipo wakavuka bahari kwenda Philadelphia.

Mwalimu mmoja, Gottlieb Mittelberger, alisafiri mwaka 1750 na baadaye akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1756. Akina mama, kitabu hicho kinasomwa kwa machozi. Anaeleza njaa, maji yaliyooza, chawa na homa. Anasema watoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi saba walipona kwa nadra sana, na katika meli yake mwenyewe anataja watoto 32 waliofariki na kutupwa baharini. Nikiwa muuguzi sihitaji maelezo zaidi. Watu wamebanana chini ya sitaha kwa majuma mengi, maji machafu, surua inaingia. Najua nani anakufa kwanza.

Tangu mwaka 1727 serikali ya koloni iliagiza kwamba Wajerumani wanaofika Philadelphia waape kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Majina yaliandikwa, na orodha hizo zipo mpaka leo. Mwaka 1934 zilichapishwa katika mabuku matatu, na kila mtu anayetafuta ukoo wake wa Kijerumani huko Pennsylvania huanzia hapo. Lakini walioapa walikuwa wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Mke hakuapa. Binti hakuapa. Mama aliyezika watoto wawili baharini na kushuka na wa tatu mgongoni hana mstari wake katika orodha ile ya kiapo.

Basi anayemtafuta mwanamke hugeukia vitabu vya usharika: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Hapo napo pana mitego. Kwanza, Wajerumani wa wakati ule walimbatiza mtoto kwa majina mawili, na lililotumika nyumbani lilikuwa la pili. Dada wanne wanaweza kuitwa Anna Maria, Anna Barbara, Anna Regina na Anna Katharina. Ukimtafuta "Anna" utapotea. Pili, jina la ukoo la mwanamke liliongezewa herufi mbili mwishoni. Mwanamume akiwa Leininger, mwanamke huandikwa Leiningerin. Asiyejua desturi hiyo hudhani ni ukoo mwingine. Tatu, makarani Waingereza waliandika majina ya Kijerumani kama masikio yao yalivyosikia. (Nisiwalaumu sana. Nimeona kadi za kliniki ambamo mama mmoja ana majina matatu tofauti kwa mimba tatu, na makarani wenyewe wa hapa hapa.)

ALIKUWA AMEKWENDA KINUNI

Tuingie sasa katika habari yenyewe. Familia ya Sebastian Leininger ilitoka Reutlingen, mji ulioko sehemu za Württemberg, ikafika Pennsylvania yapata mwaka 1748 au 1749. Ardhi ya karibu na Philadelphia ilikuwa ghali, kwa hiyo walisogea ndani hadi kwenye kijito kiitwacho Penn's Creek, ng'ambo ya mto Susquehanna, karibu na mahali ulipo mji wa Selinsgrove leo. Ilikuwa pembeni kabisa mwa makazi ya Wazungu.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo vitabu vya zamani vya Shule ya Jumapili viliruka. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1737 wana wa William Penn waliwadanganya watu wa kabila la Lenape, ambao Wazungu waliwaita Delaware, wakachukua eneo kubwa mno kwa hila ya mkataba wa zamani wa kupima ardhi kwa mwendo wa miguu. Badala ya kutembea, waliajiri wakimbiaji. Kisha mwaka 1754 sehemu ya magharibi ya Susquehanna iliuzwa na mataifa ya Iroquois, na Walenape walioishi huko hawakuulizwa. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Julai 1755, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Braddock lilishindwa vibaya na Wafaransa na wenzao wa makabila. Mpaka ukabaki wazi. Wakulima wa Penn's Creek hawakuwa wametunga mikataba hiyo, lakini ndio waliokuwa wamejenga juu yake.

Tarehe 16 Oktoba 1755, asubuhi, mama Leininger alikuwa amekwenda kwenye kinu cha kusaga nafaka, na mwanawe mmoja hakuwepo nyumbani vilevile. Wapiganaji wawili waliingia nyumbani. Waliomba pombe, haikuwepo. Waliomba tumbaku, wakapewa, wakavuta. Walipomaliza kuvuta wakasema wao ni adui. Wakampiga baba risasi, wakamuua kijana wa kiume wa miaka ishirini, wakawachukua Barbara, mwenye miaka kama 12, na mdogo wake Regina, mwenye miaka kama 10. Siku hiyo katika makazi yale watu wapatao 14 waliuawa na 11 wakachukuliwa.

Mama akarudi kutoka kinuni na unga wake.

Sina la kuongeza hapo. Nimewahi kukaa na wanawake waliorudi nyumbani wakakuta jambo ambalo halirekebishiki, na ninachokijua ni kwamba hawalii mara moja. Huendelea kushika kile walichokuwa wamekibeba.

BARBARA ANATOROKA

Tunayajua haya ya asubuhi ile kwa sababu Barbara mwenyewe aliyasimulia. Alichukuliwa pamoja na msichana jirani, Marie le Roy, aliyezaliwa Uswisi, ambaye baba yake naye aliuawa. Mapema tu Barbara alipanda farasi akajaribu kutoroka. Alikamatwa, ikaamriwa achomwe moto. Walimpa Biblia waliyoitoa katika nyumba ya akina le Roy ili ajiandae kufa. Kisha kijana mmoja wa kabila lile akamwombea kwa nguvu sana hata akasamehewa. Naipenda sehemu hiyo, kwa kuwa Barbara angeweza kuiacha asiiseme, naye hakuiacha.

Dada hao walitenganishwa. Barbara na Marie walipelekwa Kittanning, baadaye magharibi zaidi mpaka Muskingum, katika nchi iitwayo sasa Ohio. Walichuna ngozi, walilima mahindi, walipika. Tarehe 16 Machi 1759 walitoroka pamoja na vijana wawili Waingereza, wakavuka mto Ohio, na tarehe 31 Machi wakafika Fort Pitt, mahali palipo mji wa Pittsburgh leo. Tarehe 6 Mei walikuwa Philadelphia.

Na hapo walifanya jambo la busara kubwa kwa wasichana wa umri wao. Masimulizi yao yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka huo huo wa 1759, kitabu kidogo, na ndani yake wakaorodhesha majina ya mateka wengine waliowaona au kuwasikia wakiwa hai. Walitaka wazazi, waume na ndugu wajue. Mwaka 1878 kitabu hicho kiliwekwa kwa Kiingereza katika nyaraka zilizochapishwa za jimbo la Pennsylvania, na bila hicho habari ya mama yao ingepotea katika majina ya kubuni.

Kwa mjane, basi, mtoto mmoja alikuwa amerudi. Wa pili bado.

CARLISLE, DESEMBA 1764

Regina alikwenda njia nyingine. Inasimuliwa kwamba alitembea mamia ya maili porini bila viatu, akiwa amebebeshwa mgongoni mtoto mwingine mdogo, mateka kama yeye, wa miaka kama miwili. Wote wawili walipewa mwanamke mzee mjane. Maisha yalikuwa magumu, na chakula kilipokosekana waliishi kwa mizizi na magome ya miti. Regina alikuwa amefundishwa nyumbani sala, mistari ya Biblia na nyimbo. Alizirudia, akamfundisha na yule mdogo. Lugha yake ya mazungumzo ilimtoka kidogo kidogo kwa sababu hakuwa na wa kuongea naye. Maneno ya sala na nyimbo yalibaki.

Niruhusuni niingize neno la wodini. Tunapouguza mgonjwa aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi hawezi kutamka hata neno "maji". Lakini ndugu zake wakianza wimbo wa kanisani alioujua tangu utoto, huweza kuimba nao, maneno yote, ubeti mzima. Wimbo hukaa katika ubongo tofauti na mazungumzo. Kwa hiyo niliposoma yaliyotokea Carlisle sikuona kwamba ni hadithi ya kutiwa chumvi.

Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet, mzaliwa wa Uswisi katika jeshi la Uingereza, aliongoza majeshi mpaka Muskingum akadai mateka wote warudishwe. Zaidi ya 200 walikabidhiwa mwezi Oktoba na Novemba. Taarifa ya safari hiyo iliyochapishwa mwaka 1765 inaeleza jambo la kushangaza: wengi hawakutaka kurudi. Wengine ilibidi wafungwe. Walikuwa wamechukuliwa wadogo sana, wamepewa mama wengine, wamependwa. Na mama hao wa Kilenape na Kishawnee, ambao kwa desturi yao walimchukua mateka ajaze nafasi ya mtoto aliyekufa, walilia kwa sauti, wakafuata jeshi njiani wakiwaletea watoto chakula. Vita ile iliwaliza akina mama wa pande zote mbili.

Mateka waliletwa Carlisle mwishoni mwa Desemba, na tangazo likatolewa kwa jamaa waje. Mjane wetu wakati huo alikuwa akiishi Tulpehocken, kwenye makazi ya Walutheri Wajerumani, zaidi ya kilomita 80 kutoka hapo. Ilikuwa majira ya baridi. Alikwenda.

Alitazama, akatazama tena. Hakumwona wa kwake. Alikuwa akilia, tayari kuondoka, na ndipo, kama habari inavyosimuliwa, Kanali akamwuliza kama hakuna kitu alichozoea kukifanya na mtoto huyo alipokuwa mdogo. Akajibu kwamba aliwaimbia. Akaambiwa aimbe. Akaanza wimbo wa Kijerumani, "Allein, und doch nicht ganz allein", wimbo wa mtu aliye mpweke ambaye Mungu wake hajamwacha. Kabla hajafika mbali, msichana mmoja akatoka katika kundi, akaimba pamoja naye, akamwangukia shingoni.

MCHUNGAJI ALIYEANDIKA, NA KITABU KILICHOKOSEA

Tunaijua siku ile kwa sababu ya mgeni aliyepokelewa ofisini kwa mchungaji. Mwezi Februari 1765 mjane mmoja na binti yake mkubwa walifika kwa Mchungaji Henry Melchior Muhlenberg huko Philadelphia. Huyu ndiye Mlutheri aliyetumwa kutoka Halle, Ujerumani, akafika Amerika mwaka 1742 na kuzipanga sharika za Kilutheri huko. Mke wake, Anna Maria Weiser, alikuwa mzaliwa wa familia ya Tulpehocken hiyo hiyo. Muhlenberg alikuwa na desturi ya kuandika taarifa ndefu kwenda Halle, nazo zilichapwa. Aliandika yote waliyomweleza wanawake wale wawili: baba na kijana waliouawa Oktoba 1755, mama aliyekuwa kinuni, mabinti wawili waliochukuliwa, mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni, wimbo wa Carlisle.

Aliandika yote isipokuwa jina la ukoo. Kwake alikuwa "mjane". Sishangai, maana hata sisi tunamwita mtu Mama Neema miaka ishirini, na siku ya msiba wake watu wanaulizana, hivi jina lake hasa alikuwa nani?

Pengo likiachwa wazi, mtu mwingine hulijaza. Mwaka 1856 mchungaji wa Kilutheri, Reuben Weiser, alichapisha kitabu juu ya Regina. Alimpa ukoo wa Hartman, akampa baba jina la John, akawaweka karibu na Orwigsburg, mbali na Penn's Creek. Kitabu kilipendwa sana, kikasomwa majumbani na kwenye Shule za Jumapili, na kwa miaka hamsini kila mtu alimjua Regina Hartman. Watu walipotafuta familia ya Hartman iliyopatwa na mkasa huo, hawakuipata.

Aliyelikata fundo hilo alikuwa mwanahistoria H. M. M. Richards, ambaye kazi yake juu ya Wajerumani wa Pennsylvania katika vita ile ilitoka mwaka 1905. Alichofanya ndicho ambacho ningefanya na kadi mbili za mgonjwa zinazogombana: aliziweka pamoja akasoma mstari kwa mstari. Upande mmoja taarifa ya Muhlenberg, upande wa pili kitabu kidogo cha Barbara na Marie cha mwaka 1759. Mwezi ni ule ule. Baba na mwana mmoja wameuawa. Mama yuko kinuni. Mabinti wawili, umri ule ule, mmoja akiitwa Regina. Mjane wa Muhlenberg ni mama yake Barbara Leininger. Hartman hakuwepo.

Tangu hapo njia ikafunguka, maana ukiwa na jina Leininger na mji wa Reutlingen unaweza kurudi nyuma mpaka Ujerumani, na kuja mbele mpaka kwa uzao wa ndugu waliobaki hai. Mwandishi mmoja wa ukoo huo, Tracy Leininger Craven, aliandika riwaya juu ya dada hao, na mwaka 2013 ikatengenezwa filamu. Filamu siisifii sana. Wenyeji wa Amerika wamechorwa humo kwa rangi moja tu, na yule kijana aliyemwombea Barbara alistahili zaidi.

Kaburi linalotajwa kuwa la Regina liko kwenye kanisa la Kilutheri la Christ Church karibu na Stouchsburg, katika eneo lile lile la Tulpehocken. Kumbukumbu iliyowekwa hapo ilibidi ibebe majina yote mawili, lile la kweli, Leininger, na lile la hadithi, Hartman, kwa kuwa wageni wengi bado huja wakiuliza la pili.

Nirudi kwenye ile ziara ya Februari 1765, kwa sababu sijaeleza kilichowapeleka kwa mchungaji. Hawakwenda kusimulia. Regina, aliyekuwa sasa na miaka kama 19, alimsumbua mama yake tangu waliporudi: alitaka kile kitabu ambacho Mungu huongea na watu ndani yake, na kile kingine cha nyimbo. Vyote vya nyumbani vilikuwa vimeteketea mwaka 1755, na mjane hakuwa na fedha ya kununua vingine. Kwa hiyo walisafiri mpaka Philadelphia kuomba. Muhlenberg akampa msichana Biblia.